Pashikunde Haigawiwi

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, niliharibu mkutano. Naijua saa hiyo kwa sababu Fundi Mkuu aliitazama saa yake ya mkononi, akaisoma kwa sauti, kisha akaniamuru niiandike kwenye daftari la mitambo. Tulikuwa tumefunga spika mbili za pembe juu ya gari, zile zenye mdomo mpana kama ua la boga, na tumeunga amplifaya, yaani kikuza sauti, kwenye betri. Mkutano ulipangwa kuanza saa nne. Fundi Mkuu alinipa mik, yaani kipaza sauti, akasema, "Jaribu." Nikasema maneno ya kwanza yaliyonijia: "Ndugu wananchi, karibuni wote."

Wakaja. Mama mmoja alikuja na mwiko mkononi. Wazee walikuja na viti vyao. Kufikia saa mbili uwanja ulikuwa umejaa, na kufikia saa nne ulikuwa umebaki mtupu, kwa sababu watu walichoka jua wakarudi mashambani. Mgeni rasmi aliwahutubia walimu wa shule ya jirani na ng'ombe kadhaa waliokuwa wakipita kwenda kunywa maji.

"Ulisema nini kwenye mik?" Fundi Mkuu aliniuliza.

"Nilikuwa najaribu tu, mzee."

"Mik haijui kujaribu. Neno likishatoka kwenye pembe ni tangazo. Andika na hilo."

Niliandika. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na kwa kuwa vijana wanaofanya kazi hii sasa wanatumia mitambo midogo inayojirekebisha yenyewe, nimeona niwaeleze jinsi sisi tulivyoijaribu ile mikubwa, na jinsi jaribio moja lilivyotaka kumnyima mama mmoja mavuno yake.

Kwa nini tusingehesabu tu "moja, mbili, tatu" kama wengine? Fundi Mkuu alikataza, na sababu zake zilikuwa za kifundi. Kila sauti ya kinywa inapima kitu chake. Herufi P hutoa pumzi inayopiga mik kama kofi. Ukisikia "pu" nzito kwenye spika, ujue sponji la mik limechakaa au umeisogeza mno mdomoni. S na SH hupima trebo, ile sauti nyembamba. Ikizidi, spika inachana kama mtu anayerarua kanga. M, N na NG' hupima besi, ile sauti nzito. R hupima kama sauti inafika mbali bila kukatika. Ukihesabu mpaka tatu hujaipata P, wala S, wala NG', wala R. Umepima nusu ya mtambo.

"Basi niseme nini?" nilimuuliza.

"Sema kitu ambacho hata mama yako hawezi kukuitikia."

Nilianza na vipande vipande: papu, shishi, ng'ong'o. Havikunifaa, kwa sababu nilivisahau, na jaribio lisilofanana na la jana halikusaidii kulinganisha. Fundi anahitaji maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila siku. Hapo ndipo nilipogundua kazi ya vina. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Umeme wa spika nilijifunza kwa kufungua mitambo mibovu, na vina na mizani nilijifunza kwa kuhesabu vidole kila mashairi yaliposomwa redioni: silabi nane, pumzi, silabi nane. Nilipoyafunga maneno yangu yasiyo na maana ndani ya vina, hayakunitoroka tena.

Nilijiwekea utaratibu. Majina yote yawe ya kubuni, ila vitenzi viwe vya kawaida, ili ubeti utembee kama habari ya kweli. Kila jina lisiwe na maana katika Kiswahili, na hilo nilihakikisha kwa kamusi niliyoinunua ikiwa haina jalada. Tena lisiwe na maana katika Kisukuma, na hilo nilihakikisha kwa mama yangu mzazi, kule Maswa. Nilikuwa nakaa naye jikoni namsomea orodha.

"Shushumushi?"

"Nduhu," anasema. Hakuna.

"Tarushi?"

"Nduhu."

"Karandila?"

"Hilo lipo. Ni dume la ng'ombe la jirani, la kulimia. Ukiliita kwa hiyo pembe yako, litakuja na plau nyuma."

Nikalifuta. Kisha mama akauliza, kwa upole kabisa, kama serikali ilikuwa inajua kwamba inanilipa mshahara kwa shughuli hii. Lakini siku niliyomsomea ubeti mzima aliacha kupepeta akaniomba niurudie. Nilimuuliza ameelewa nini. "Sijaelewa kitu," akasema, "lakini kuna mtu humo ndani amefanya ujinga, na mimi nataka kujua kama alikamatwa."

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo. Neno la kubuni lililotungwa vizuri halina maana, lakini lina umbo la maana, kama kibuyu kitupu kilivyo na umbo la maziwa. Msikilizaji anajaza mwenyewe. Niliposema "Ng'ong'ondere", kila mtu uwanjani alimwona mtu mnene, na hakuna aliyekuwa ameambiwa ni mnene. Wakati mwingine watu walikuja mapema kabla ya mkutano, safari hii kwa hiari yao, ili wasikie jaribio. Waliondoka hotuba zilipoanza.

Nilifanya kazi Maswa, kisha Meatu, kisha mkoa mpya ulipoanzishwa nikahamishiwa Bariadi, nikapanga nyumba Somanda. Fundi Mkuu alikuwa amestaafu. Bosi wangu mpya alikuwa Afisa Habari, dada mmoja kutoka Tanga, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama kamba ya kufulia. Wiki ya kwanza alinisikiliza nikijaribu mitambo, akaniita pembeni.

"Fundi, hicho ni Kisukuma?"

"Hapana, bosi."

"Maana madereva wameniambia ni Kiswahili cha kwetu, pwani."

Sikulitilia maanani. Ilikuwa alama ya hatari na mimi niliichukua kama sifa: Wasukuma wakidhani ni Kiswahili, na Mswahili akidhani ni Kisukuma.

Mwaka huo nilikuwa nautengeneza upya ubeti wangu, kwa sababu spika mpya zilikuwa na trebo kali na nilihitaji SH nyingi zaidi. Ulikuja hivi:

Pashikunde kaja bure, kapakia pambarushi,
Kaja mbio Ng'ong'ondere, kajifunga shushumushi,
Wakacheka tererere, hadi jasho la tarushi,
Nani kala bombolere? Si mimi, ni Pashishushi!

Mjuzi wa kazi hii ataona kosa katika mstari wa kwanza. Katika utaratibu wangu nilikuwa na sharti la mwisho, nalo lilikuwa zito kuliko yote: ubeti usiwe na neno la tangazo. Njoo, leta, lipa, gawa, bure, hayo yasiingie. Lakini kipande cha kwanza kilidai kuishia na "re". Kwa siku mbili nilitafuta silabi nne za kumalizia baada ya "Pashikunde", na siku ya tatu nikachoka nikaandika "kaja bure". Nilishindwa na kina. Sina maelezo mengine.

Tulikwenda kijiji kimoja huko Itilima, mbele ya Lagangabilili, kwa mkutano wa chanjo ya mifugo. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwetu kwenda mashambani. Upepo hubeba sauti vipande vipande; aliye mbali hapati mstari, anapata maneno mawili matatu. Nilijaribu mitambo mara tatu, nikaridhika, nikaandika "safi" kwenye daftari.

Baada ya wiki tatu hivi, asubuhi, mama mmoja wa makamo ya juu alifika ofisini kwetu Bariadi. Alikuwa amekunja kiroba kitupu kwapani. Alipiga goti kidogo mlangoni, akatusalimu, "Mwangaluka." Tukaitikia. Akajitambulisha kwa jina la Kwandu, kutoka kijiji kile, na Afisa Habari akamwonyesha kiti.

"Nimefuata pashikunde," akasema.

Afisa Habari alinitazama. Mimi nilitazama sakafu.

"Umefuata nini, mama?"

"Pashikunde. Kunde mpya za serikali. Mlitangaza kwa pembe kwamba zinakuja bure, kwa wakulima wa pamba. Tumesubiri. Nikasema labda gari limeharibika, ngoja nifuate mwenyewe."

Nilielewa yote kwa mara moja, kama fundi anavyoelewa waya ulipokatikia. Pashikunde: kunde. Bure: bure. Pambarushi: pamba. Upepo ulikuwa umechagua vipande vitatu tu vya ubeti wangu na kuvipanga kuwa habari njema.

"Mayu Kwandu," nikamwita kwa heshima ya kwetu, kama mtu anavyomwita mama yake, "mbegu zako za kunde za mwaka jana unazo?"

"Za nini tena? Mkwe wangu alikuja na wenzake watatu. Nikazipika." Akacheka kidogo. "Nikasema mpya ziko njiani. Shamba limelimwa, ng'ombe wa kuazima nimewarudisha. Udongo una maji bado. Lakini si ya siku nyingi, baba."

Wenzake kijijini walikuwa wamesubiri pia, lakini wao walikuwa na mbegu zao kwenye vyungu. Yeye alikuwa amekula zake. Kwa familia ile, kunde ni mboga ya mwaka mzima: majani mabichi kwanza, kisha nsansa, yale majani yaliyokaushwa, kisha punje zenyewe. Mvua zilizobaki zilikuwa chache. Kama hatapanda ndani ya siku hizo, hatapanda.

Mama Kwandu alipotoka kwenda kunywa maji, Afisa Habari alifunga mlango.

"Fundi. Pashikunde ni nini?"

"Ni kipimo cha P na SH, bosi."

"Sasa ni mbegu."

Nilipendekeza tukanushe, na hilo lilikuwa kosa langu la pili. Mchana ule ule dereva wetu alimrudisha Mama Kwandu kwao kwa gari la matangazo, akapita katika kijiji na vitongoji vyake na ujumbe nilioutunga mwenyewe, mfupi na sahihi kwa kila neno: "Pashikunde haigawiwi. Hakuna pashikunde." Jioni mwenyekiti wa kijiji alipiga simu. Afisa Habari aliiweka sauti ya nje ili nisikie.

"Wananchi wanauliza zimeliwa na nani," mwenyekiti alisema.

"Mwenyekiti, hazijaliwa. Hazipo."

"Ndiyo, wanajua hazipo sasa. Wanauliza zilizokuwepo. Wengine wanasema zimeishia Bariadi kwa wakubwa. Na mimi wananiangalia vibaya, bosi, wanasema nimepata magunia mawili."

Simu ilipokatwa, Afisa Habari aliisukuma pembeni. Kisha akasema jambo ambalo nililiandika kwenye daftari, kwa kuwa sijasikia maelezo bora ya kosa langu: "Umewatangazia kwamba kitu ambacho hakipo hakitagawiwa. Wewe mwenyewe ungekuwa wao, ungeamini nini?"

Nilirudi Somanda nikamweleza mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho akichagua mchele.

"Miaka yote hii nawaambia watu mume wangu ana kazi ya serikali," akasema. "Kumbe kazi yenyewe ni kudanganya wajane kwa vina."

"Si mjane. Na sikumdanganya."

"Amekula mbegu zake kwa sababu yako?"

"Ndiyo."

Aliinuka akaingia chumbani, akatoka na chungu chake cha mbegu. Zilikuwa kunde zetu, nyekundu zenye jicho jeupe, alizozihifadhi ndani ya majivu. Alitenga za kwetu, zilizobaki akazimimina kwenye mfuko: sado nne kamili. Sado, kwa wasomaji wa mbali, ni kopo la plastiki ambalo masoko yetu yote hupimia nafaka. "Mpelekee kesho," akasema. "Na usimwimbie."

Kesho yake tulikwenda, Afisa Habari na mimi. Watu walikuwa wengi, nao hawakuja kusalimia. Mwenyekiti alisimama mbali kidogo na gari letu ili asionekane amefuatana nasi. Nilipanda juu ya gari nikashika mik. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili kuhusu trebo na besi. Nilitazama nyuso zile nikaikunja karatasi. Mke wangu alikuwa amenikataza, lakini sikuona njia nyingine. Niliwapa ubeti mzima, polepole, kutoka Pashikunde mpaka Pashishushi, bila upepo, bila kukata.

Mahali fulani nyuma mbuzi alilia.

"Rudia," alisema Mama Kwandu, aliyekuwa mbele kabisa.

Nikarudia.

"Kwa hiyo Pashikunde ni mtu?"

"Hata si mtu, mayu. Ni neno la kupimia mik. Nililitunga mimi. Mengine yote nimeyatunga mimi. Kosa ni 'bure'. Hilo ndilo neno la kweli, na halikutakiwa kuwemo."

"Na shushumushi?"

"Nduhu."

"Na huyo aliyekula bombolere?"

"Hakuna aliyekula, mayu. Hakuna bombolere."

Alifikiri. Kisha akageuka akawatazama wenzake, na nikaona mabega yake yameanza kutikisika. "Jamani," akasema kwa Kisukuma, "mmesikia? Mwenyekiti hakula pashikunde. Pashishushi ndiye aliyekula!" Kicheko kilianzia kwa wanawake kikaenda nyuma mpaka kwa wazee. Mtu mmoja alipaza sauti kumuuliza mwenyekiti kama ana jasho la tarushi. Mwenyekiti, ambaye kwa siku mbili alikuwa mwizi wa kitu kisichokuwepo, alifuta uso kwa kofia yake akasema analo, tena jingi. Alisogea akasimama karibu na gari letu.

Niliposhuka, nilimkabidhi Mama Kwandu ule mfuko. Nilimweleza ni kunde za kawaida, za mke wangu, si za serikali, na ni za kufidia alizopika. Aliingiza mkono, akachota, akaziangalia jicho lao jeupe.

"Bei gani?"

"Si za kuuza, mayu."

"Za bure?"

"Za bure."

Aliinua mkono wenye kunde juu ili watu wote waone. "Basi pashikunde imekuja!"

Nilifungua kinywa nimsahihishe, maana usahihi ndio kazi yangu. Afisa Habari alinigusa kiwiko. "Fundi," akanong'ona, "mara hii acha."

Walizipanda mchana ule ule. Majirani wanne walikuja na majembe, sisi tukabaki kutazama, na nilipoona mvua ya jioni inakusanyika upande wa Meatu nililala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata tangu kiroba kile kitupu kiingie ofisini. Wakati wa mavuno Mama Kwandu alinipigia simu. Alisema kunde zimezaa, na kwamba amewagawia wale wanne, na kwamba wale wanne wamewagawia wengine. Hakusema kunde. Alisema pashikunde.

Ofisini niliondoa "kaja bure", nikaweka "karakure", ambayo mama yangu aliikagua kwa simu akasema nduhu. Afisa Habari aliagiza ubeti wowote mpya upitie mezani kwake kwanza. Nilidhani atachoka. Badala yake alianza kunirudishia karatasi zangu zikiwa na marekebisho, na siku moja nilikuta ameongeza ubeti wa pili, wenye vina bora kuliko vyangu. Pwani wanazaliwa navyo. Nilimwambia hivyo, akafurahi mpaka akaninunulia soda.

Nilistaafu kwa hiari nilipofikisha miaka hamsini na mitano, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Siku ya kuagwa niliombwa niseme neno, na fundi kijana aliyechukua nafasi yangu akanipa mik iliyokwisha kujipima yenyewe. Nilishukuru, nikakaa. Sina majuto makubwa. Nilijifunza kwamba watu husikiliza kwa makini kuliko tunavyodhani, hasa wakiwa mbali, na kwamba maneno yasiyo na maana yanahitaji uangalifu mwingi kuliko yenye maana, kwa kuwa yenye maana tayari yana mwenyewe.

Mwaka huu nilikwenda mnadani Lagangabilili kununua kamba. Kwenye safu ya nafaka nilimwona dada mmoja, nisiyemjua, amepanga masado ya choroko, dengu, na kunde nyekundu zenye jicho jeupe. Nilisimama.

"Mwadila, dada. Hizi ni kunde gani?"

"Hizi siyo kunde hivi hivi, mzee. Ni pashikunde."

"Pashikunde? Jina la wapi hilo?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mzee wa mjini. "La Kisukuma cha zamani, baba. Cha mababu. Nyie wa Bariadi mmeshakisahau."

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na daftari nyumbani, lenye tarehe na saa. Lakini nilikumbuka nilivyoguswa kiwiko siku ile, nikauliza bei. Akasema sado elfu nne na mia tano. Nikamwambia, kwa utaratibu, kwamba Pashikunde karakure, kapakia pambarushi, na kwamba Ng'ong'ondere alikuja mbio. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mzee una maneno wewe! Haya, lete elfu nne."

Nililipa. Hayo ndiyo mapato yote niliyowahi kupata kwa utunzi wangu, na nimeyaingiza kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya ile saa moja na dakika arobaini: shilingi mia tano.